Nje kwa Heisuke, Bitana kwa Nobue

Sikilizeni wanangu, na wewe Heisuke acha kukunja uso, sijafa bado. Nimewaita kwa sababu pumzi zangu zinahesabika, na harusi ya mjukuu wangu Kotone imekaribia, na kimono chake hadi leo hakijakatwa, kwa kuwa mjomba wake na mama yake hawasemezani.

Nobue, umetaka kumvisha mwanao rangi za ua la sakura, nyeupe juu na bitana nyekundu. Ni nzuri, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini siku hiyo sakura zote za Kyoto zitakuwa zimechanua, na tangu lini mtu akashindana na mti akashinda? Sisi huvaa ua kabla ya siku zake. Likishachanua, tunauachia mti. Kwa hiyo kaka yako alipokukataza alisema kweli. Ila wewe Heisuke, kweli yako uliisemea mbele ya wakwe, ukamwambia dada yako ana macho ya muuza samaki! Ulimi huo ni wa marehemu baba yako, si wangu. Mwombe radhi leo, nisikie.

Kotone atavaa rangi za fuji, ua lichanualo baada ya sakura: zambarau hafifu juu, kijani kichanga chini. Nimemaliza.

Sasa urithi. Duka ni lenu nyote wawili. Vitambaa vya nje vyote ni vya Heisuke. Vya bitana vyote ni vya Nobue. Cheka, Nobue, cheka, naona umenielewa: hakuna atakayeshona hata kimono kimoja bila kumpigia hodi mwenziwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata ule uwaridi wa sakura mnaousifu haumo katika cheupe wala katika chekundu, huja vikilazwa pamoja.

Nikitangulia kabla ya harusi, isiahirishwe. Mimi mnivishe nyeupe, upande wa kulia juu, kama wavishwavyo wafu. Hapo hakuna cha kuchagua, msije mkabishana.

Wazee waliotutangulia wawalinde... wawape macho mema, na nyumba yenye vicheko. Nawapenda, wanangu. Sikulisema sana.

Heisuke... shika ile zambarau. Nobue, ingiza kijani chini yake. Leteni karibu... karibu zaidi... Sioni tena. Niambieni nyinyi, imekaaje?

Mnalia? Haya... lieni... ila isogezeni pembeni hariri ya mtoto, machozi yataitia madoa...