Phares Ogutu na Beji Mbili Namba Thelathini na Moja

"Namba zangu hazibadilishwi, Mwangangi. Watu wangu wamezivaa miaka yote."

"Watu wako? Hakuna watu wako tena, mzee. Ofisi ni moja sasa."

"Basi badilisha zako."

"Kwa nini zangu? Kwani sisi ndio wageni?"

"Si mmekuja na lori? Tumewaona mkishukisha viti."

Wasikilizaji wapendwa, huyo aliyekataa kubadilisha namba ni Phares Ogutu. Bibi yake, Truphena, ndiye alituigizia hiyo vita yote, mpaka kikohozi cha Mwangangi. Mzee Phares ametuacha Jumanne, nyumbani kwake Tassia. Ni presha. Leo tunamkumbuka yeye.

Labda ulimwona. Koti ya kijivu, kisanduku mkononi kinalia tii, tii, anakipitisha kwa ukuta ya kliniki. Watoto wa mtaa wa Lucky Summer walidhani anatafuta dhahabu. Lakini mzee alikuwa mkaguzi wa mionzi. Narudia, mkaguzi wa mionzi, mtu wa serikali. Alikuwa anaangalia ile mionzi ya eksirei isitoroke chumba ikachoma watu.

Sasa, kila mtu anayefanya kazi ya eksirei anavaa beji kifuani. Ni kitu kidogo ya plastiki. Mionzi ikimpiga, beji inashika. Baada ya miezi kadhaa beji zinakusanywa, zinapelekwa kusomwa. Na huko kwa kusoma hawajui majina. Wanajua namba tu.

Halafu serikali ikaunganisha ofisi mbili. Ya huku Eastlands, alikokuwa Phares, na ya Machakos, alikokuwa Mwangangi. Mwangangi akawa bosi. Kila ofisi ilikuwa imepanga beji zake kuanzia namba moja. Unaona shida? Ilitakiwa tu mmoja wao akubali kubadilisha. Hakuna aliyekubali. Truphena mwenyewe anasema, "Wangu pia alikuwa kichwa ngumu, nisidanganye." Wakaacha hivyo. Beji zote zikamwagwa kwa katoni moja ya maziwa, zikaenda.

Majibu yakarudi. Namba thelathini na moja imechomeka, imepita kiasi.

Thelathini na moja gani? Walikuwa wawili. Mmoja ni Ifrah, anapiga eksirei kwa kliniki moja hapo Kiamaiko, karibu na soko ya mbuzi. Wa pili ni jamaa wa Machakos. Na beji ya pili yenye namba hiyo hiyo ilirudi safi. Kwa hivyo mmoja amechomeka, mmoja yuko sawa, na hakuna anayejua ni nani. Mimi nimeuliza watu wa hiyo kazi, kwani haiwezi kujulikana? Wananieleza, nakubali na kichwa, nikifika nyumbani nagundua sijaelewa kitu.

Mwangangi akaandika ni Ifrah. Akamwambia Phares asaini.

Na Ifrah alikuwa na mimba.

Alitupigia simu jana. Alisema hivi: "Mzee alikuja akakaa kwa benchi ya wagonjwa. Nikamuuliza, baba, ni mimi ama si mimi? Akasema, mama, sijui. Nilitaka kumpiga. Mtu wa serikali anakuja kukuambia hajui? Nikamwambia basi nidanganye, sema si mimi. Akakataa hiyo pia."

Phares alimwambia tu kitu moja: atoke hicho chumba leo, akae mapokezi mpaka ijulikane. Akarudi ofisini akasema yule wa Machakos pia aambiwe. Wote wawili wasimame.

Mwangangi akamwambia, "Beji moja imechomeka, usimamishe watu wawili? Huko juu wataniuliza tunaunganisha ofisi aje kama hata namba imetushinda."

"Si imetushinda kweli?" Phares akasema.

Hakusaini. Akaambiwa akienda Machakos na hiyo maneno, asirudi ofisini. Na alikuwa amebakisha kidogo tu astaafu.

Alienda. Jumatatu iliyofuata alikuta meza yake ina mtu mwingine.

Ifrah alijifungua msichana, Filsan. Madaktari wanasema mtoto yuko sawa. Ifrah anasema, "Bado namwangalia akilala." Na jana, kwa matanga huko Tassia, nilimwona amekaa na mwanaume mmoja benchi moja, wanapokezana mtoto. Nikauliza huyo ni nani. Nikaambiwa ndiye thelathini na moja wa Machakos. Wote wawili, na mpaka leo hakuna anayejua ni nani alichomeka.

Mama Truphena, pole sana. Winny, umepoteza baba, pole. Pole kwa majirani wa Tassia pia. Na wewe unayesikiliza, kama kuna namba umeshikilia, ya kazi, ya chama, ya chochote, na hutaki kubadilisha juu ni yako, jiulize ni nani mwingine ako nayo. Mimi tangu jana najiuliza na sipati mahali pa kuanzia.

Nimalizie na hiyo asubuhi ya kwenda Machakos. Truphena ndiye alituambia. Mzee alikuwa kwa kiti, anafunga kamba za viatu.

"Baba Winny, saini tu. Umebakisha kidogo."

"Nikisaini, yule jamaa Jumatatu anaingia kazini."

"Kwani unamjua?"

"Simjui."

"Sasa ukifika utamwambia nini?"

"Nitamwambia pengine ni yeye. Pengine si yeye."

"Phares. Hiyo ni habari ya kubeba mpaka Machakos?"

"Ndiyo hiyo niko nayo."

Truphena akamwambia basi kunywa chai kwanza. Akasema atakunywa akirudi. Akavaa koti, akatoka, akafunga mlango.