Bi Theluthi, Aliyeoanisha Fimbo, Rili na Mshipi

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi na mabaharia wa gati, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi, naomba mnitegee sikio, nimetumwa na familia kusoma maisha ya dada yetu, mimi nikiwa mdogo wake wa mwisho, na nimechaguliwa, kama mwenyewe alivyokuwa akinitania, si kwa kuwa nina akili kuliko wenzangu bali kwa kuwa nina sauti isiyotetemeka, jambo ambalo leo tutaliona.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili kati ya wanne wa seremala wa mashua na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, ambako harufu ya lami na mbao mbichi iliingia hadi kwenye mashuka, na tangu akiwa mdogo alijulikana kwa jambo moja, kwamba uzi wa mama ukijisokota hakukubali ukatwe, aliuchukua akakaa nao kizingitini, akaufuata kwa vidole huku macho yake yakitazama watu wa njiani, mpaka ukafunguka wote, na mama akawa anasema kwamba huyu mtoto Mungu alimwekea macho mahali pasipo pake.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kuimaliza 1972, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili, na kwa kuwa msibani hatupaswi kumsingizia mtu hata sifa, tuseme wazi kwamba katika historia na jiografia alikuwa hafai, lakini hesabu za sehemu, zile za nusu, robo na theluthi zilizotutoa sisi jasho, yeye alizimaliza kichwani kabla mwalimu hajaweka chaki chini, na huenda angefika mbali kama Desemba 1974 baba hangeangukiwa na mkuku, ule mti mzito wa chini wa mashua, na kuvunjika nyonga, ikabidi watoto wakubwa watafute kazi ili sisi wadogo tule na tusome.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika duka la vifaa vya uvuvi lililotazamana na gati, duka la mzee mmoja mnene ambaye hakuwa na dogo, na kazi yake ikawa kuosha rili, yale magurudumu ya kukunjia mshipi wa kuvulia, kwa maji ya bomba ziliporudi baharini, kuzifungua, kuzikausha na kuzipaka grisi, na katika kuosha huko ndiko alikoanza kuona makosa ya watu, kwa sababu kifaa kilichorudi kimevunjika kilimwambia kilivunjwa na nini, huyu alinunua rili nzito akaifunga kwenye fimbo laini, yule alinunua fimbo ya kumkabili nduaro, samaki mkubwa wa kina kirefu, akaivisha mshipi wa kuvulia vibua, mwingine akajaza rili mshipi mwembamba wa kusuka bila kuutandikia kitu chini, samaki alipovuta mshipi wote ukazunguka bure kwenye chuma, naye akadhani rili ni mbovu, ilhali lila na fila ni yeye aliyezilazimisha kutangamana.

Baada ya miaka minne mwenye duka alimtoa kwenye ndoo ya maji akamweka mezani, na hapo ndipo alipokuwa fundi mnayemfahamu, fundi wa kuoanisha, akijiita mshenga wa vyuma, kwa maana hakumuuzia mtu fimbo kabla hajamuuliza anamfuata samaki gani, umbali gani kutoka pwani, na kama atavua akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti, na mteja aliyejifanya mjuaji alijibiwa kwa upole kwamba duka la jirani linauza miavuli, huko hawaulizi maswali.

Kwa wale wasioijua kazi hii, dada yetu aliieleza kwa sentensi moja, kwamba breki ya rili ishike kwa theluthi ya nguvu za mshipi, yaani mshipi unaokatika kwa kilo sitini, breki iuachie ukivutwa kwa kilo ishirini, ili samaki mkubwa akikimbia rili itoe mshipi kabla mshipi haujakatika na kabla mtu hajavutwa, na akamaliza kila mara kwa kusema kuwa baharini lazima kiwepo kitu kitakachokubali kushindwa, na kitu hicho kisiwe mtu, na kwa jinsi alivyolirudia neno hilo la theluthi, gati zima likamwita Bi Theluthi, hata mwenye duka alipomwandikia cheti cha miaka ishirini ya kazi alilikumbuka jina la utani kabla ya jina lake.

Mafundi wengine walipima breki kwa mizani ya kuning'iniza, waliifunga kwenye ncha ya mshipi, wakavuta, wakasoma namba, naye pia alianza hivyo, lakini baada ya muda alizungusha mshipi kwenye vidole, akavuta mara moja, akasema kumi na mbili, au ishirini, na wabishi walipoleta mizani waliona ishirini, wakalipa soda, na mchezo huo ukadumu miaka mingi mpaka wabishi wakaisha, na mizani ikatundikwa ukutani ikaota kutu, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kuishusha.

Tarehe 17 Desemba 1983 marehemu alifunga ndoa na fundi wa injini za boti, huyu shemeji yetu aliyekaa pale mbele, mtu wa maneno machache, ambaye alinunua mshipi kwa dada mara tatu kabla ya kugundulika kwamba hana fimbo, hana rili, na samaki hali, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1986 na ambaye wote mlimwita Mrefu, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1990, ambaye ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka dakika ya mwisho.

Mwaka 2009 hospitali iligundua kwamba dada yetu ana kisukari, akapewa dawa na masharti ya chakula, masharti aliyoyafuata pale tu tulipokuwa tunamtazama, na jambo ambalo hakumwambia mtu, si mumewe, si daktari, ni kwamba ganzi ilikuwa imeanza kwenye ncha za vidole, tulilijua siku binti yake alipomkuta ameshika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, anazungumza na jirani dirishani, ngozi inaungua naye hana habari, na siku hiyo ilikuwa ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, wakati msiba wa Mrefu haujatimiza hata wiki mbili.

Maana Mrefu alikuwa baharia kwenye boti ya kuchukua wageni wanaovua samaki wakubwa, na siku ya Jumamosi, tarehe 22 Februari 2014, mgeni mmoja alichoka mikono baada ya kupambana na nduaro, Mrefu akaipokea fimbo, akavaa mikanda ya mabegani inayofungwa kwenye rili, akasimama nyuma ya boti akiitazama bahari, nahodha akiwa mbele anageuza boti, na samaki alipobadili mwelekeo ghafla Mrefu alivutwa akapita juu ya ukingo pamoja na fimbo, rili na mshipi, wakamtafuta siku hiyo na siku tatu zilizofuata, boti saba zikashiriki, na hakuna kilichoonekana, si yeye wala kifaa, na seti ile ilikuwa imeoanishwa na kupimwa na mama yake, kwa mkono, siku ya Alhamisi iliyotangulia.

Nahodha alikuja nyumbani siku ya tano, akalia, akasema kwamba alikiona kwa macho yake kifungo cha mkanda kimekwama, Mrefu alitaka kujifungua akashindwa, kwa hiyo ni mkanda, si kitu kingine, na sisi familia tulilipokea neno hilo kama mtu wa jangwani anavyopokea maji, tukalisema kwa majirani, tukalisoma siku ya kumbukumbu ya Mrefu, nililisoma mimi, kwa sauti hii hii, na dada akiwa amekaa safu ya kwanza ameinamisha kichwa, lakini nahodha alipokuwa bado kwenye kiti dada alimuuliza swali moja tu, kwamba wakati ule alikuwa amesimama wapi, akajibiwa kwenye usukani, akamshukuru, akamwongezea chai, na alipoondoka dada akatuambia kwamba mtu anayegeuza boti hawezi kuona kifungo kilicho kifuani mwa mtu aliyempa mgongo.

Kuanzia hapo hakugusa kazi, alirudisha ufunguo wa duka, na wateja waliomfuata nyumbani aliwaelekeza kwa fundi mwingine, ila kila asubuhi alitoka barazani na rili moja ya zamani na ile mizani ya dukani, akakaza breki, akavuta kwa mkono, akataja namba, kisha akapima, na kuna siku mkono ulisema ishirini na mizani ikasema ishirini, na kuna siku mkono ulisema ishirini na mizani ikasema thelathini na moja, na kwenye kilo thelathini na moja, ndugu zangu, mtu aliyefungwa kwenye rili habaki ndani ya boti, na dada hakuweza kujua Alhamisi ile mkono wake ulikuwa wa siku gani, aliendelea hivyo mwaka mzima hadi shemeji alipoificha mizani, naye hakuuliza iko wapi, akawa anakaa barazani na rili peke yake, anauvuta mshipi na kuuachia.

Shemeji hakumlaumu, na hilo nalisema mbele yake kwa heshima, alimwambia kila mara kuwa ni mkanda, ila mara moja, mwaka ule wa kwanza, wakiwa wanakula, alimuuliza kwa sauti ya chini kama siku ile alipima kwa mizani, dada akajibu kwamba hakupima, shemeji akaendelea kula, na swali hilo halikurudi tena katika nyumba ile, lakini dada aliniambia kwamba tangu siku hiyo walikuwa wawili wanaolijua jambo moja na kila mmoja analibeba upande wake, na watu waliomwona sokoni akicheka na wauza mboga walisema amepoa, mwenye kovu usidhani kapoa.

Ugonjwa ulimwandama, mwaka 2019 macho yalififia, tarehe 8 Julai 2021 alikatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya kidonda kisichofunga, mwaka 2023 figo zikashindwa, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na madaktari walimsihi ale, anywe dawa, apigane, naye alikuwa akiwajibu kwa adabu kwamba atajaribu, kisha binti yake anakuta vidonge chini ya godoro, na ukweli ambao familia tumeukubali ni kwamba dada yetu hakutaka kupona, alitaka kujua, na kujua kulikuwa chini ya bahari.

Mwezi wa pili mwaka huu aliniita kitandani, akaniagiza kwamba siku nitakapoisoma historia yake nisiseme mkanda, nikamwambia, Dada, watu watakuelewa vibaya, watakutupia lawama ukiwa huwezi kujibu, naye akanijibu, "Wamenielewa vizuri miaka kumi, mdogo wangu, na sijalala," na wiki hii tulipokaa kuandika maneno haya tulibishana sana, wengine wakataka sehemu hii tuiruke, binti yake alilia, akasema mama aachwe aende na jina lake zuri, mpaka shemeji akasema nisome alivyotaka mkewe.

Basi nasoma. Mwanawe wa kwanza alifariki baharini, akiwa amefungwa kwenye seti iliyooanishwa na mama yake, na kama breki ilikazwa kupita kiasi, au mkanda ulikwama, au yalikuwa yote mawili, haijulikani, hakuna aliyeona, na hakuna atakayejua.

Dada yetu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri, katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, akiwa amebakiza wiki chache atimize miaka sitini na sita, ameacha mume, binti mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu na kumvumilia, majirani waliompikia na kumbeba kwenye ngazi, mafundi wenzake wa gati waliofunga karakana leo, na mwenye duka ambaye kwa uzee wake ameletwa kwa kiti cha magurudumu, na kwa namna ya pekee tunamshukuru nahodha, ambaye miaka kumi hakukosa kuja kumjulia hali, tunamwomba asiudhike na niliyoyasoma, tunajua alichosema alikisema kwa huruma, na sisi tulikishika kwa huruma hiyo hiyo, kila mmoja wetu, kila tulipoingia chumbani kwake.

Dada, ulitaka mtu mmoja tu akae nawe akiri kwamba hajui, na sisi sote, tuliokupenda, tulikuja na jibu. Hatukukupa amani ukiwa hai. Pumzika kwa amani, Dada, kama huko ipo.