Fimbo ya Njia Bado Iko Kwetu

Mgeni rasmi, tulio mbele yako ni wakazi wa nyumba za reli, kituo cha mwisho. Karibu sana. Utuwie radhi kwa benchi hilo. Ni la abiria, limezoea watu wa kukaa dakika kumi.

HISTORIA YETU

Reli yetu nyembamba ilikuwa na treni moja, ikienda asubuhi mpaka kituo cha njia panda, inapokutana na reli kuu, na kurudi jioni. Haikuwa na haraka. Mkunga wetu akichelewa aliikimbilia na kuidandia kwenye kona, kikapu mkononi. Lakini ilifika.

Kwa usalama, kulikuwa na fimbo moja ya chuma. Dereva asiyeishika haruhusiwi kuingia njiani. Usiku ililala hapa, kwenye ndoano.

Siku ya kufungwa, miaka kumi na tisa iliyopita, tulilia wote. Dereva, tuliyemwita Shemeji, alikumbatiwa na kila mtu, akapiga honi, akaondoka. Mkuu wa kituo kugeuka, fimbo ile pale!

"Shemeji! Fimbo! Umesahau fimbo!"

Tukakimbia nyuma yake tukipunga mikono. Naye akatupungia, akidhani tunamuaga.

Hakuna aliyekuja kuiulizia.

MAFANIKIO

Kila Jumamosi tunafyeka majani relini mpaka darajani. Hakuna taruma hata moja, ubao wa kulalia reli, lililogeuzwa kuni. Bibi anayekusomea risala hii alikuwa mlinzi wa geti la barabarani, na mpaka leo hulifungua na kulifunga lisishike kutu. Majirani humtania: "Bibi, unamfungulia nani?" Huwajibu: "Anayechelewa si asiyekuja."

CHANGAMOTO

Mvua ikinyesha barabara hukatika. Mwezi uliopita tulimbeba mjamzito kitandani, tukifuata reli kwa miguu, maana reli haipotezi mtu. Alijifungua pale darajani, salama. Mtoto tunamwita Abiria. Yule pale, amelala, hana habari na hotuba zetu.

Tumesikia pia kwamba mwezi ujao utatia sahihi: reli ifufuliwe, au ing'olewe iuzwe chuma chakavu. Tumekosa usingizi, lakini hatujakata tamaa. Fundi mstaafu ameikagua kwa nyundo, hatua kwa hatua. Anasema njia ni nzima, mataruma thelathini tu ndiyo ya kubadilishwa.

OMBI

Mgeni rasmi, tunalo moja. Kwa utaratibu wa reli, treni haiwezi kuja kwetu mpaka fimbo iwe njia panda. Wewe unapita huko leo. Shemeji bado yuko, mzee sasa, anakaa jirani na kituo cha huko. Ametuma salamu: "Mwambieni mgeni aje nayo. Nimeiota miaka yote hii."

Tunakukabidhi. Ni nzito, ipokee kwa mikono miwili. Hatuna nyingine.

Ila ukiirudisha, baba, isije kwa gari.

Mungu akufikishe salama, na siku ya sahihi auongoze mkono wako.

Ni sisi,
Wakazi wa Nyumba za Reli, Kituo cha Mwisho.