Chupa Moja kwa Kila Kichwa

Mgeni rasmi, Maman Ariane, msimamizi wa mradi wa dawa. Papa na maman wote mlioketi:

KARIBU
Sisi wagonjwa wa sukari wa soko la Nyawera tunakupokea kwa mikono miwili. Asante kwa friji mpya ya dawa na kwa makreti sita ya soda. Kuwaletea wagonjwa wa sukari soda kunahitaji moyo. Tumebakiza chache za kuokoa anayeanguka sukari ikimshuka. Nyingine wamezinywa madereva wako.

Tafadhali usituhurumie sana. Wewe pia unahitaji insulini kila siku, pengine uniti thelathini, pengine hamsini. Mwili wako unajipikia wenyewe: unaongeza ukila bugali, unapunguza ukilala, wala haukudai saini. Wetu umegoma.

TULIKOTOKA
Mwaka jana mlipouliza kila mmoja anahitaji kiasi gani, sisi tuliogopa wivu, tukapiga kura. Kila kichwa kipate chupa moja ya insulini kwa mwezi, kila mtu ajidunge uniti thelathini. Padri akigawa hostia hapimi mtu tumbo, tukasema, na sisi tufanye hivyo.

Papa Adalbert hubeba magunia mawili ya muhogo kwa safari moja. Daktari alikuwa amemwandikia hamsini na mbili. Kwa thelathini alikauka, akakojoa mpaka majirani wakamnunia, akalazwa wiki mbili. Maman Bintu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kutoka kisiwa cha Idjwi, mwenye uzito wa kuku wawili, aliandikiwa kumi na nane. Akaheshimu kura, akajidunga thelathini, akaanguka bandarini akitetemeka, jasho likimtiririka. Watu wakasema amelewa. Alipopata nafuu alikwenda kumwona Adalbert hospitalini.

“Papa Adalbert, chukua yenye inabakia kwangu,” akamwambia. “Miye niko mutu mudogo. Hii kura yetu iko karibu kuniua.”

MAFANIKIO
Tangu hapo kila mmoja anafuata kipimo cha daktari, na Bintu anamwachia Adalbert kinachobaki chupani. Bintu hajaanguka tena. Adalbert amerudi kwenye magunia yake.

MATATIZO
Hata hivyo, siku tatu za mwisho wa mwezi Adalbert hana kitu. Tena wiki iliyopita Gloire, mtu wa mradi wenu, alimwona Bintu akikabidhi chupa, akaandika kwamba jina la Bintu lifutwe kwenye orodha ya dawa. Kanuni, alisema, hairuhusu kugawa dawa. Kanuni hiyo haijawahi kumbeba Adalbert hospitalini; sisi tumembeba, na ni mzito.

MAOMBI
Maandishi ya daktari, ya kila mmoja wetu, yako mezani mbele yako. Tunaomba dawa ifuate hayo, isifuate idadi ya vichwa. Kosa la kura ni letu sote; Bintu asilipie peke yake. Kama lazima mfute kitu, futeni kura.

Adalbert ameketi benchi la kwanza, na amebakiwa na dozi ya kesho asubuhi tu. Basi tia saini kabla ya kukata utepe wa friji, ili ikifunguliwa akute chupa yake ya pili ndani.

Mungu akulinde njiani na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ni sisi, Umoja wa Wagonjwa wa Sukari wa Nyawera, Bukavu.
Imesomwa na Grégoire, mwandishi wa umoja.