Pemba ya Ukuta wa Mbele

Nisikilizeni, wanangu, na wewe Louise sikiliza huku unakoroga, maana uji wa muhogo haungoji mutu amalize kulia. Ukiuacha kidogo unafanya madonge, na madonge yakiingia katika pemba, huu udongo mweupe wa kupakia, ukuta mzima unaota ndui. Leo mmekuja wote wawili kwa kuwa mliambiwa ninakufa. Nilipokuwa mzima, mlisema njia ya kutoka Kasongo ina matope.

Shamba la muhogo ni la Louise, yeye jembe analijua. Mbuzi ni wa Emile, wanaelewana. Usicheke, Louise, koroga. Mwaka ule Bwana wa teritwari, yule mkubwa wa serikali, alipoamuru nyumba zote za barabarani zipakwe nyeupe, nilikuambia, Emile, udongo mweupe wa mtoni peke yake unatiririka, tia uji. Wewe na masomo yako ya misioni ukatia chumvi ili ushike, na asubuhi mbuzi wa kijiji kizima wakaulamba ukuta wetu mpaka kwenye fito. Baba yenu Hippolyte alicheka hadi akakaa chini. Kiangazi kilichofuata hakukiona.

Tangu hapo nimepaka peke yangu. Si kwa ajili ya Bwana, yule anapita na motokari yake wala hageuzi shingo. Huku kwetu ukuta wa mbele ukiacha kupakwa, watu wa njia ya Kabambare wanasema nyumba ile haina mutu, wanapita bila kupiga hodi. Mimi nilitaka hodi. Assumani muuza samaki, katekista, hata mutu aliyepotea tu: akiomba maji, nilimweka kwa maneno mpaka kivuli kikahama.

Emile, ulinitumia bwate, kopo zima la rangi ya dukani, kwa kamyo la mizigo. Bwate ilifika, mwenyewe hukufika. Iko chini ya kitanda, sikuifungua. Rudi nayo.

Mkono huu ulikufa nikipaka, nilipofika mlangoni. Nusu ya ukuta ni nyeupe, nusu udongo mtupu. Mimina uji katika pemba ukiwa moto, kidogo kidogo, kisha chovya kidole ukiinue. Ikidondoka kama maji, ongeza. Ikining'inia kama ugali, umeharibu. Iliyo nzuri inaifuata brosi ukiisukuma, na ukiiacha inasimama palepale.

Sasa neno langu lenyewe. Mkimaliza ukuta, mmoja wenu akae humu. Kama hakuna atakayekaa, acheni nusu ileile, nizikeni, mwende zenu. Msimdanganye mutu wa njia apige hodi bure.

Nipe maji... basi, yametosha.

Mungu awape mlango unaopigwa hodi, na mutu ndani wa kuitikia. Emile, unasimama hapo kama nguzo, mwiko umpokee dada yako, amechoka. Ndiyo. Hivyo. Kutoka chini... Nakusikia ukikoroga. Usiache mkono usimame...