Papa Firmin na Herufi Yake

Bapapa, bamama, na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, marehemu Papa Firmin Kalenga alizaliwa Kambove tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Papa Michée, aliyefanya kazi ya mgodi ng'ambo ya mpaka, kule Kitwe, akarudi na baiskeli moja na kitabu cha Kiingereza kilichokwisha kuzeeka. Ndani ya kitabu hicho mtoto alijifunzia lugha, na humo neno la kuonyesha liliandikwa shew, kwa e, si show kama wanavyoandika watu leo.

Alisoma Kambove, kisha Likasi, akaanza kufundisha Kiingereza hapa Panda Septemba 1974, akafunga ndoa na Mama Suzanne tarehe 6 Agosti 1977, Mungu akawapa watoto watano. Alikuwa mbishi, tusifiche: alipoambiwa kwamba e yake imepitwa na wakati, alijibu kwamba hata babu amepitwa na wakati, lakini bado ni babu.

Mwaka 2009 mwanafunzi wake Tania alianguka mtihani, kwa sababu msahihishaji kutoka nje alikata kila shew aliyoikuta. Neno lilikuwemo katika kamusi, Papa Firmin angeweza kubishana hata akashinda, lakini mtoto angebaki ameanguka. Basi mwalimu mzima, mwenye mvi, alivaa koti, akaenda mpaka kwa baba yake Tania, mponda mawe wa Kakontwe, kijana kwake kwa umri, akapiga magoti uani, majirani wakitazama, akasema: "Kosa ni ya minye, haiko ya mutoto," yaani kosa ni langu, si la mtoto. Ni mwalimu gani mwingine tuliyemwona akimpigia mzazi magoti? Mwaka mzima alimfundisha Tania barazani kwake, kwa o, na Tania akapita.

Sukari ilimshika mwaka 2021, ikampeleka polepole. Siku zake za mwisho Tania, ambaye leo ni mwalimu wa Kiingereza, alikuja kumwona, naye marehemu, ulimi umekwisha kuwa mzito, aliandika shukani kwa kidole, shew, kwa e, akacheka, Tania akacheka huku analia. Alituacha asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Panda waliotuletea kuni na unga, na walimu wenzake waliolala nasi matangani. Msalabani Tania ameandika He shewed us, yaani alituonyesha, na Mama Suzanne amesema iachwe hivyo, kwa e yake, maana hapa hakuna tena wa kusahihisha.

Papa Firmin, mwalimu wetu, pumzika kwa amani.