Deolinda Fontes Andrade, Aliyeuombea Uhai Ukumbi wa Wachumaji

Marehemu Deolinda Fontes Andrade alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Nepaquin, Massachusetts, katika nyumba ya mbao ukingoni mwa mashamba ya kranberi, tunda dogo chachu. Alikuwa kitindamimba wa Mzee Joaquim na Mama Auxília Fontes, waliotoka kisiwa cha Fogo, Kabo Verde. Alitusimulia kwamba kumbukumbu yake ya kwanza ni asubuhi ya mavuno: shamba limejazwa maji, matunda mekundu yanaelea, ukungu umelala juu yake, na baba yake anatembea ndani ya ule wekundu kama mtu anayevuka mawingu. "Sijui niliona au niliota," alisema. "Lakini miguu ilipata baridi."

Alisoma shule ya mjini. Kila Septemba kiti chake kilibaki kitupu, kwani alikuwa amepiga magoti shambani akichuma na kaka zake. Hata hivyo alihitimu sekondari Juni 1956.

Kuanzia 1962 hadi 1993 alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Mtoto aliyekuja bila chakula hakuulizwa kitu. Aliambiwa tu, "Nimekosea kupakua, mwanangu. Nisaidie kumaliza hii."

Tarehe 11 Juni 1960 alifunga ndoa na Arlindo Andrade, fundi bomba na mpiga fidla. Walicheza morna, muziki wa taratibu wa Kabo Verde, hadi viatu vikawaacha, ndani ya Ukumbi wa Wachumaji, ambao wazee wetu waliujenga kwa mikono yao mwaka 1934. Mungu aliwajalia Celestina na Agnelo. Mzee Arlindo alitangulia mwaka 1998.

Baada ya msiba huo, marehemu alikuwa akienda ukumbini peke yake kila Jumapili, anakaa, anasikiliza. Paa lilikuwa limetoboka na mji ulitaka kuubomoa. Sisi wananchi tulikuwa tumejitoza nyongeza ndogo ya kodi ya majengo, itumike kutunza majengo ya kale na ardhi ya wazi. Marehemu aliomba sehemu ya fedha hizo itengeneze ukumbi. Kwenye mkutano wa mji wa Mei 2008, jirani yake, Bwana Harold Thacher, alisimama akasema, "Mama, lile si jengo la kale. Ni banda la kuku."

Watu wakacheka. Ombi likaanguka kwa tofauti ya kura kumi na moja.

Marehemu hakununa. Alimwalika Bwana Thacher ukumbini siku ya mvua, akampa kiti, mwavuli na sahani ya jagasida, wali wetu wa maharage. Wakala huku maji yakidondoka pande zote.

"Unasikia?" akamuuliza.

"Nasikia mvua, Mama."

"Basi kaa kidogo."

Alikaa hadi jioni. Walichozungumza hawakumwambia mtu.

Mei 2010 ombi lilirudi. Marehemu alisimama mbele ya mkutano, akaanza kutaja wachumaji mmoja mmoja, na dakika tatu anazopewa kila msemaji zikaisha kabla hajafika nusu. Mwenyekiti akagonga meza. Ndipo Bwana Thacher akainuka. "Mheshimiwa, bado nasema ni banda. Lakini nina dakika zangu tatu. Mpe yeye."

Marehemu akayataja majina yote hadi la mwisho, kisha akasema, "Hawa walilipa kodi maisha yao yote, na mji haukuwahi kuwajengea hata benchi. Tunaomba paa." Ombi lilipita kwa tofauti ya kura tisa. Bwana Thacher hadi leo hasemi aliupigia kura upande gani. Ukumbi ulifunguliwa upya Septemba 2012.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2019. Wiki za mwisho alizungumza na kaka zake waliokwisha kufa, kwa Krioli, lugha ya wazazi wao, akicheka kama msichana. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 2021, aliomba dirisha lifunguliwe, akasema, "Wameshaanza kuvuna," akafumba macho. Alikuwa na miaka themanini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Celestina na Agnelo, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na mimi Ivete ninayewasomea haya, binti wa kaka yake. Ameacha pia Bwana Harold Thacher, aliyekuja nyumbani juzi, kofia mkononi, akaomba jina lake liandikwe pamoja na ya wafiwa.

Shangazi, Mungu akulaze pema, upumzike kwa amani.